Vijiji vya Vijana wa Kinyakyusa

Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kuanzia migomba ya Rungwe hadi tambarare za Kyela, mvulana wa Kinyakyusa hakukulia nyumbani kwa baba yake mpaka utu uzima. Baada ya miaka kadhaa ya kuchunga ng'ombe na wenzake, akifikia miaka 10 au 11, alihamia kwenye vibanda ambavyo rika lake lilijijengea. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, aliueleza utaratibu huo katika kitabu chake cha 1951. Ni rahisi kuuona kama uhuru wa watoto. Kwa kweli ulikuwa mapatano ya vizazi viwili, na ndiyo yaliyolipa rika nguvu ya kulea. Vijana walilala peke yao, lakini waliendelea kulima mashamba ya baba zao na kula kwa mama zao, tena kwa kundi: leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Mchoyo na mgomvi walijulikana mapema, na waliowarudi ni wale wale ambao wangekuwa majirani zao hata baada ya kuoa, kwani kijiji cha wavulana ndicho kilichokua kikawa kijiji cha wanaume.

Yapo ya kupinga. Watafiti wa baadaye walitilia shaka kama desturi hii ilienea kote kwa ukamilifu. Wasichana hawakuwa na kijiji chao. Ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee, waliooa wake wengi huku vijana wakingoja hadi karibu miaka 25. Kuwatenga wana kuliwafaa baba. Hoja hizi ni za kweli, lakini zinathibitisha kwamba urafiki wa vijana haukuelea hewani: uliegemea ardhi, mifugo na vyungu vya watu wazima.

Ndiyo maana utaratibu huo haukuvunjwa na vijana kuchokana, bali na kubadilika kwa mambo hayo. Kahawa ilimfunga mtu kwenye shamba lake la kudumu, ardhi ikawa haba, na kazi za mshahara katika machimbo ya dhahabu ya Lupa na ya shaba ya Copperbelt zikampa kijana fedha zake mwenyewe. Anayelaumu vijana wa leo kwa kulelewa na marafiki aulize kwanza ni nini watu wazima wamewaachia marafiki hao wakitunze pamoja.