Kariokor: Kutoka Kitanda hadi Mlango

Kabla ya kuwa mtaa, Kariokor ilikuwa kambi. Vita Vikuu vilipozuka mwaka 1914, Waingereza walihitaji migongo ya watu kubeba chakula na risasi wakiwafukuza Wajerumani huko kusini, mahali ambapo magari yalikwama na punda wakafa kwa mbung'o. Kikosi hicho cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Jina halikukaa vizuri ulimini mwa Waswahili: Nairobi likawa Kariokor, Dar es Salaam likawa Kariakoo. Makumi ya maelfu hawakurudi kwao, na waliouawa na kuhara, malaria na njaa ni wengi kuliko waliopigwa risasi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, baraza la mji wa Nairobi lilijenga nyumba Kariokor. Nyumba kwa jina tu, maana yalikuwa mabweni: mpangaji alikodi kitanda, si chumba, na bomba na choo vilikuwa vya shirika. Ujenzi huo haukuwa wa bahati mbaya. Wakoloni walimhesabu Mwafrika kuwa mpita njia mjini, mwanamume mwenye kipande, yaani kitambulisho, kinachoning'inia shingoni, ambaye mke na watoto wake walipaswa kubaki kijijini. Mji ulitaka mikono yake mchana. Usiku ulimpa mahali pa kuinyoosha tu. Na hata hapo hakuwa na usalama: Aprili 1954, katika Operesheni Anvil ya kuwasaka Mau Mau, askari wa Waingereza waliupekua mji mtaa kwa mtaa, na maelfu wakapelekwa vizuizini.

Miaka ya 1960 mabweni yalibomolewa na fleti zikachukua nafasi yake. Watu husifia zege na ngazi. Mimi naona kubwa lilikuwa mlango. Aliyekuwa na kitanda sasa alikuwa na mlango wa kufunga, jiko la mkewe kulalamikia, na mtoto wa kutumwa sokoni.

Na soko lenyewe liko hapo hapo chini: viondo, kandambili za ngozi, akala za matairi, moshi wa nyama choma mchana kutwa. Wengi wa Nairobi wanaijua Kariokor kwa moshi huo na hawajawahi kupanda hata ngazi moja ya fleti zake.

Ukienda kwa miguu kama nusu saa utafika Kenyatta Avenue, penye sanamu tatu za shaba za watu wa Vita Vikuu vile vya 1914. Mpagazi ndiye asiye na bunduki.