Sisimizi nyumbani penye mtoto mchanga: namna ya kuwaondoa bila kumdhuru



Mvua ikianza, sisimizi huingia ndani. Ndivyo ilivyo Mombasa, ndivyo ilivyo Lamu, na ndivyo ilivyo hapa Masimba, kaunti ya Kisii, ambako kazi imeniweka mbali na bahari. Maji yakijaa mashimoni mwao hutafuta pakavu, na pakavu penye chakula ni jikoni mwako. Sisimizi wenyewe si balaa kubwa. Balaa ni kile tunachokimbilia kuwaulia, hasa nyumba ikiwa na mtoto anayetambaa.

Huku Masimba karibu kila boma lina shamba la chai, ndizi, mahindi au sukuma wiki, kwa hivyo dawa ya shambani haiko mbali na nyumba. Jirani yangu mmoja, mama wa mtoto wa miezi kumi, alinionyesha chupa ya soda yenye maji meupe kama maziwa. Aliuziwa sokoni, akaambiwa anyunyize pembeni mwa ukuta wa jikoni. Chupa haikuwa na jina la dawa, wala kipimo, wala onyo. Nilimsihi asiifungue. Haya ninayoandika ndiyo niliyomweleza siku ile, na yatawafaa walioko Pwani vilevile.

Kwa nini mtoto yuko hatarini kuliko wewe

Mtu mzima hutembea juu ya sakafu kwa viatu. Mtoto hutambaa juu yake kwa viganja na magoti, kisha viganja hivyo huvitia kinywani. Pua yake iko karibu na sakafu, na mwili wake ni mdogo, kwa hivyo tone ambalo kwako si kitu kwake ni kipimo kikubwa. Dawa ikikauka haimaanishi imeondoka. Nyingi hutengenezwa makusudi zibaki ukutani na sakafuni kwa siku au wiki kadhaa.

Wajue kabla ya kuwapiga vita

Wale unaowaona kwenye mstari ni watumwa wa chakula tu. Wengi zaidi wamebaki shimoni pamoja na malkia anayetaga mayai. Anayepata sukari hurudi nyumbani akiacha harufu njiani, na wenzake huifuata harufu hiyo. Ndiyo maana ukiwaua mia asubuhi, jioni wamekuja mia wengine. Kunyunyiza dawa juu ya mstari ni kama kupiga deki na mfereji uko wazi.

Wako wa aina nyingi. Wale wadogo mno wa rangi ya manjano, wanaopenda kujificha ndani ya kuta na swichi za stima, ukiwapulizia dawa hugawanyika. Sehemu ya kundi huhama na malkia wake, na badala ya shimo moja unapata matatu. Sisimizi weusi wa kawaida hukaa nje, chini ya mawe na kwenye nyufa za msingi. Majimoto, wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe, si wageni wa jikoni. Utafiti uliofanywa Unguja miaka ya 1950 ulionyesha kwamba wao hulinda minazi dhidi ya mdudu anayeangusha vidaka. Hao waacheni mtini. Siafu nao wana habari yao, nitawafikia.

Kwanza, ondoa kinachowaita

Nyumba yenye mtoto haikosi makombo: biskuti chini ya mkeka, uji uliomwagika, chupa ya maziwa iliyolala mtoni. Sukari, asali na unga vitiwe kwenye makopo yenye vifuniko vya kukaza. Vyombo visilale vichafu. Jaa la jikoni litolewe kabla ya kulala. Mtoto naye apanguswe uso na mikono kwa kitambaa cha maji kabla hajalazwa, maana maziwa yaliyokauka shavuni huwavuta sisimizi hadi kitandani.

Pili, futa njia yao

Chukua maji na sabuni ya kawaida, ufute mstari wote kuanzia kwenye chakula hadi kwenye tundu wanapotokea. Sabuni huwaua walio njiani na huondoa ile harufu. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu hufanya kazi ya kufuta harufu pia. Rudia asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, kwani wataijaribu njia tena.

Karafuu, mdalasini na ndimu huwafukuza kwa muda tu, haziwamalizi. Ukizitumia, weka juu ya kabati. Mafuta makali ya karafuu yasipakwe karibu na mtoto, kwani huunguza ngozi na ni hatari akiyameza.

Tatu, ziba mlango

Fuata mstari mpaka ujue wanakoingilia. Ufa wa saruji uzibwe kwa saruji, na pembe za dirisha kwa gundi ya kuzibia. Katika nyumba za udongo, kandika upya. Tazama pia nje: jani la mgomba au tawi la mparachichi likigusa paa ni daraja. Migomba hupata vidukari wanaotoa utamu, na sisimizi huwachunga vidukari hao kama mfugaji achungavyo mbuzi. Kata majani yanayogusa nyumba.

Kitanda cha mtoto kisogezwe mbali na ukuta, na chandarua kisiburute sakafuni. Wazee wetu waliweka miguu ya kabati la chakula ndani ya vikopo vya maji, na mbinu hiyo ingali inafaa. Tieni maji na sabuni kidogo, si mafuta ya taa. Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, la sivyo mtakuwa mmewafugia mbu, na Mombasa inaujua uchungu wa homa ya dengi na chikungunya. Vikopo hivyo viwe mahali ambapo mtoto hafiki.

Nne, chambo kwa malkia

Hatua tatu za kwanza zikifanywa vizuri, nyumba nyingi hazihitaji zaidi. Wakiendelea kuja, kinachowamaliza ni chambo: chakula chenye sumu ya polepole ambacho mfanyakazi hukibeba akawalishe wenzake, mabuu na malkia. Kikiwa kikali mno, anafia njiani na shimo halidhuriki.

Chambo kinachojulikana sana ni sukari na boraksi. Katika nusu lita ya maji ya moto, koroga robo kikombe cha sukari na kijiko kimoja cha chai cha boraksi, kisichojaa pomoni. Kikipoa, lowesha pamba na uitie ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, lililotobolewa matundu madogo ya kupita sisimizi. Kifuniko kifungwe kwa utepe. Mara ya kwanza wataongezeka kuzunguka kopo. Usiwaue, waache wabebe. Huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili au tatu.

Lakini sikilizeni vizuri. Boraksi si chumvi ya mchezo. Mwaka 1983 madaktari waliandika habari za watoto wachanga saba waliopatwa na degedege baada ya chuchu zao bandia kuchovywa kwenye asali iliyotiwa boraksi. Kwa hivyo, nyumba ikiwa na mtoto anayetambaa, kopo la chambo likae nje ya ukuta, juu, upande wanakotokea sisimizi. Lisiwekwe jikoni, wala chini ya kitanda. Mchanganyiko uliobaki umwagwe chooni, usitiwe kwenye chupa ya maji au ya soda. Kama nje hakuna mahali ambapo mtoto hawezi kufika, acheni chambo, mbaki na sabuni na saruji.

Vitu vya kutoingiza ndani

Dawa ya shambani au ya kuogeshea ng'ombe haina kazi jikoni, hata ikipunguzwa kwa maji. Mnakumbuka Furadan, ile ya punje za zambarau: ilitengenezwa kwa mimea, ikatumiwa kuua simba katika nchi yetu, na mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza ikairudisha kutoka madukani Kenya. Kinachomwangusha simba hakina huruma kwa mtoto wa kilo tisa.

Chaki ya mende na sisimizi inayotembezwa mitaani ni hatari ya aina yake. Inafanana na chaki ya shule, na mtoto akiiokota huchorea, kisha huitafuna. Ndani yake mna sumu ya wadudu, na mara nyingi paketi haisemi ni kiasi gani.

Mafuta ya taa akiyanywa mtoto huingia mapafuni. Unga wa diatomaiti, ule unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, huwakausha wadudu, lakini vumbi lake haliwafai watoto kulivuta. Ukitumika, uwe ndani ya ufa unaozibwa papo hapo. Maji yanayochemka humwagwa shimoni na wengi, nayo huwafikia wachache tu. Sufuria ya maji moto ikipita karibu na mtoto ni hatari kubwa kuliko sisimizi wote.

Ukilazimika kununua dawa, nunua iliyo kwenye chombo chake cha asili. Kenya, dawa za wadudu husajiliwa na bodi ya PCPB chini ya Sheria Sura ya 346, na nambari ya usajili huandikwa kwenye lebo. Soma kama imeruhusiwa kutumika ndani ya nyumba, na watoto wakae mbali kwa muda ulioandikwa.

Siafu

Siafu hawaji kwa sukari. Husafiri kwa maelfu na maelfu wakiwinda, na huingia nyumbani kufuata mende na panya. Wakija usiku, mtoe mtoto kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kisha fungua kuku na mbuzi. Usimwache mtoto mchanga amelala peke yake hata kwa dakika chache. Mara nyingi hupita kwa saa kadhaa wakaondoka zao, na nyumba hubaki haina mende.

Neno la dini

Wapo wanaoniuliza kama inafaa kuwaua, ilhali sisimizi wana sura yao katika Qur'ani, Surat An-Naml, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuwaua. Wanazuoni wamefafanua kwamba anayedhuru huzuiwa kwa kadiri ya madhara yake, na kuchoma kwa moto kumekatazwa. Utaona kwamba njia nilizotanguliza hapa, za usafi na kuziba, ndizo zenye kuua kidogo. Kwa fatwa kamili muulizeni sheikh wenu.

Mtoto akimeza au kumwagikiwa

Mtoe dawa iliyobaki kinywani kwa kitambaa cha maji. Usimtapishe, na usimlazimishe maziwa. Ikiwa imemwagikia, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Dalili za kuogopa ni mate na machozi mengi, jasho, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo, degedege na kupumua kwa shida. Lakini usingoje dalili. Nenda kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka Masimba, hospitali kubwa ni ile ya rufaa mjini Kisii. Kwa walioko Mombasa ni Coast General, ambayo bado twaiita Makadara.

Beba chombo cha dawa pamoja na lebo yake. Daktari akijua ni sumu gani, hupoteza muda mchache kabla ya kuanza tiba inayofaa. Chupa ya soda isiyo na jina haitamwambia chochote.

Wabillahi tawfiq.