Riwaya za mtandaoni: Jinsi ya kufuatilia sura mpya za mtunzi

MSOMAJI wa riwaya ya mfululizo ana kazi mbili. Ya kwanza ni kusoma; ya pili ni kujua sura inayofuata imetoka lini na imewekwa wapi. Katika gazeti la karatasi kazi hiyo ya pili ilifanywa na mhariri pamoja na mchuuzi: hadithi ilitokea siku ile ile ya juma, ukurasa ule ule, na neno "Itaendelea" lililokuwa chini yake lilikuwa ahadi yenye tarehe. Mtandaoni neno hilo lingalipo, ila tarehe imeondoka. Mtunzi aweza kuweka sura tatu usiku mmoja kisha akanyamaza miezi minne. Aweza pia kuhamia kwingine, au tovuti aliyoitumia ikafungwa, na wasomaji wake wakabaki na "Ilipoishia" isiyo na "Endelea".

Hasara hiyo haimpati msomaji peke yake. Anayepotezana na mtunzi aghalabu huishia kusoma nakala zilizosambazwa na watu wengine, ambazo nyingi huwa zimenyofolewa jina la mwenyewe na nambari yake ya simu. Kwa mtunzi anayetegemea malipo madogo madogo ya wasomaji, huko ni kukatiwa riziki.

Utaratibu wa kutoa riwaya kwa vipande ni mkongwe kuliko intaneti. Charles Dickens alitoa The Pickwick Papers jijini London kati ya Aprili 1836 na Novemba 1837, kijitabu kimoja kila mwezi kwa bei ya shilingi moja. Mauzo yalianza kwa kusuasua, lakini mwishowe yakafikia takriban nakala 40,000 kwa kila toleo. Ni mwezi mmoja tu, Juni 1837, ambapo kijitabu hakikutoka. Shemeji yake, Mary Hogarth, alikuwa amefariki ghafla mwezi Mei akiwa na umri wa miaka 17, na mwandishi akashindwa kushika kalamu. Msomaji wa siku hizo hakuhitaji arifa yoyote. Alirudi dukani mwezi uliofuata.

Mnamo Julai 2000, mwandishi wa Marekani Stephen King alijaribu kuuhamishia utaratibu huo mtandaoni. Aliweka riwaya ya The Plant katika tovuti yake kwa vipande, akaomba dola moja kwa kipande, na kutangaza kwamba angeendelea iwapo angalau asilimia 75 ya waliokipakua wangelipa. Kufikia kipande cha nne, idadi ya waliolipa ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Baada ya kile cha sita, Desemba mwaka huo, King aliisimamisha kazi hiyo na hadi leo haijakamilishwa. Ikiwa mwandishi mwenye jina kubwa kiasi hicho aliacha hadithi njiani, ni rahisi kukadiria hali ya kijana anayetunga kwa simu ya mkononi.

Andy Weir, naye wa Marekani, alifuata njia nyingine. Kuanzia mwaka 2009 alikuwa akiweka sura za The Martian bila malipo katika tovuti yake mwenyewe, na kila sura ilipokuwa tayari aliwaarifu kwa barua pepe watu wapatao 3,000 waliojiandikisha. Wasomaji hao walimsahihisha hesabu na mambo ya kisayansi, kisha wakamwomba aitoe riwaya kwa njia ambayo wangeweza kuisomea katika Kindle. Aliiweka sokoni kwa senti 99 za dola mnamo 2011. Kampuni ya Crown iliichapisha 2014, na filamu yake ikatoka 2015.

Orodha ya barua pepe ndiyo iliyombeba Weir, na hadi sasa hakuna njia inayoishinda kwa uimara. Sababu yake ni nyepesi: orodha ni mali ya mtunzi. Akihama tovuti anahama nayo, na wasomaji wake hawahitaji kumsaka upya. Kwa hivyo msomaji anapokuta katika ukurasa wa mtunzi nafasi ya kuandika anwani ya barua pepe, hilo na liwe jambo la kwanza kufanya. Baada ya kujiandikisha, aihifadhi anwani ya mtunzi miongoni mwa anwani za watu anaowafahamu, la sivyo barua zitatupwa katika sanduku la barua taka au, kwa watumiaji wa Gmail, katika sehemu ya matangazo ambayo wengi hawaifungui kamwe.

Mlisho ungalipo

Njia ya pili ni mlisho, unaojulikana kwa kifupisho RSS. Huu ni ujanja uliobuniwa mwaka 1999, na umesahauliwa na watu wengi bila sababu ya maana. Tovuti hutengeneza faili ndogo yenye orodha ya machapisho yake mapya: kichwa, tarehe na kiungo. Msomaji huwa na programu ya kusomea milisho, ambayo huzipitia faili za tovuti zote alizozichagua na kumwonyesha kilichoongezeka tangu alipotazama mara ya mwisho. Hatoi anwani yake ya barua pepe kwa yeyote, na hakuna kampuni inayomwamulia kipi akione kwanza.

Sifa ya mlisho iliingia doa tarehe 1 Julai 2013, Google ilipoifunga Google Reader, programu yake ya kusomea milisho iliyoanza mwaka 2005. Wengi walidhani teknolojia yenyewe imezikwa siku hiyo. La hasha! Waliohifadhi orodha zao waliziingiza katika programu nyingine kama Feedly, wakaendelea kusoma kana kwamba hapakutokea jambo. Blogu nyingi zilizoundwa kwa WordPress huwa na mlisho hata kama mwenyewe hana habari. Inatosha kuongeza mkwaju na neno "feed" mwishoni mwa anwani ya blogu. Tovuti ya Royal Road, yenye riwaya nyingi ndefu za kimawazo, hutoa mlisho kwa kila riwaya. Faili hizo ni nyepesi mno, na kwa anayenunua bando la siku, kupitia watunzi 20 kwa mlisho kunamgharimu kidogo sana kuliko kufungua kurasa zao 20 moja baada ya nyingine.

Mlisho hufaa hasa kwa riwaya ndefu. Mtunzi wa Kanada anayetumia lakabu ya Wildbow aliandika riwaya ya Worm kuanzia Juni 2011 hadi Novemba 2013, akiweka sura kila Jumanne na Jumamosi bila kukosa. Ilipokamilika ilikuwa na maneno yapatayo milioni 1.7. Siku zinazojulikana ni heshima kubwa kwa msomaji, na watunzi wa kwetu wangefaidika kwa kuiga nidhamu hiyo.

Maktaba kubwa za mtandaoni, nazo, zina mitambo yake ya kutoa arifa, lakini msomaji asiyesoma maelekezo hujikuta amebonyeza kitufe kisicho chake. Archive of Our Own ni maktaba ya hadithi zinazotungwa na mashabiki, iliyofunguliwa kwa umma Novemba 2009 na kuendeshwa na shirika lisilo la kibiashara. Humo, kuweka alamisho hakuleti arifa yoyote. Alamisho ni kumbukumbu tu. Anayetaka kuarifiwa hana budi kujisajili, na ana hiari ya kujisajili kwa hadithi moja, kwa mfululizo mzima au kwa mtunzi mwenyewe. Ni busara kuchagua mtunzi, kwa kuwa hadithi ikiisha na nyingine kuanza, barua pepe itafika vilevile. Katika Wattpad, iliyoanzishwa mwaka 2006, anayeiweka hadithi katika maktaba yake hupata arifa sura inapoongezwa, ilmradi hajazima arifa kwenye simu.

Simulizi za Facebook na WhatsApp

Kwa wasomaji wa Kiswahili, hasa wa simulizi kutoka Tanzania, mambo haya yote huwa mbali kidogo na hali halisi. Wengi hawasomei katika tovuti. Wanasomea katika makundi ya Facebook na WhatsApp, ambako kila kipande huja na kichwa cha hadithi, "Sehemu ya 12", jina la mtunzi, nambari yake ya simu, "Ilipoishia", kisha mkasa wenyewe. Si ajabu hadithi ikatolewa bure hadi pale inapokolea, kisha anayetaka kilichosalia akatakiwa kutuma pesa kwa simu. Ni biashara halali, na kwa vijana wengi wasiofikiwa na wachapishaji ndiyo pekee iliyopo.

Facebook haiyapangi machapisho kwa kufuata saa yalipowekwa peke yake. Kumfuata mtunzi humo, kwa hiyo, si hakikisho kwamba kila sehemu itaonekana; sehemu ya 12 yaweza kujitokeza baada ya ya 14, au isionekane kabisa. Dawa yake ni kwenda kwenye ukurasa wa mtunzi moja kwa moja na kumweka katika orodha ya vipendwa, ili machapisho yake yapewe kipaumbele.

WhatsApp ina kasoro ya aina nyingine. Mtunzi anapotuma sehemu mpya kwa orodha ya matangazo, ujumbe huwafikia wale tu waliohifadhi nambari yake katika simu zao. Msomaji aliyelipa na kuongezwa katika orodha, lakini hakuihifadhi nambari, hatapokea kitu, na pengine atamshuku mtunzi kuwa ni tapeli. Lawama nyingi za namna hiyo zingeepukika kwa hatua moja ya sekunde kumi. Chaneli za WhatsApp, zilizosambazwa duniani mwaka 2023, hazina sharti hilo, na zina faida ya ziada kwamba wafuasi hawaonyeshani nambari zao za simu.

Donda ndugu la uwanja huu ni kunakili na kubandika. Hadithi hutolewa katika kundi moja, ikafutwa jina na nambari, ikabandikwa katika jingine, pengine kwa jina la mwizi. Msomaji anayeifuata hadithi badala ya kumfuata mtunzi hana njia ya kujua. Ataisoma hadi sehemu ya 20, mnakili akose cha kunakili, na mwisho wake asiupate. Naye mtunzi hatapata hata shilingi. Zipo dalili za kutilia shaka: kipande kisicho na jina, sehemu zinazoruka hesabu, au mtu mmoja anayesambaza kwa siku moja hadithi kumi zenye mitindo isiyofanana. Njia ya kumpata mwenyewe ni kuchukua sentensi moja isiyo ya kawaida kutoka katika kipande hicho, kuifunga kwa alama za kunukuu na kuitafuta katika Google au katika Facebook yenyewe. Kisha kulinganisha tarehe. Kwa kawaida kilichotangulia ndicho cha asili. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalilinda andiko la namna hii hata kama halijasajiliwa, japo wachache kati ya watunzi wana uwezo wa kwenda mahakamani kwa ajili ya sehemu 40 za simulizi.

Kuna jambo ambalo hakuna programu itakayomfanyia msomaji, nalo ni kuweka kumbukumbu yake mwenyewe. Majukwaa hufungwa. GeoCities iliondolewa na Yahoo mwaka 2009 pamoja na kurasa nyingi za hadithi za mashabiki. Makundi ya Yahoo, yaliyokuwa makao ya watunzi na wasomaji wao kwa karibu miongo miwili, yalizimwa Desemba 2020. Kindle Vella, huduma ya Amazon iliyobuniwa mahsusi kwa riwaya za vipande na kuzinduliwa Julai 2021, ilifungwa Februari 2025. Daftari la karatasi au faili moja katika simu yenye jina la mtunzi, lakabu anazotumia, mahali pawili anapopatikana na sehemu ya mwisho iliyosomwa, litadumu kuliko yote hayo. Mahali pawili ni muhimu, kwani pamoja pakifungwa, pengine patatoa habari za alikohamia. Ukurasa uliokwisha kutoweka unaweza wakati mwingine kupatikana katika hifadhi ya Wayback Machine, mradi msomaji awe na anwani yake kamili. Sababu nyingine ya kuziandika anwani.

Hata hivyo, kumbukumbu nzuri haimzuii mtunzi kunyamaza. Dickens alipofariki tarehe 9 Juni 1870 alikuwa ametoa vijitabu vitatu kati ya 12 alivyokusudia vya The Mystery of Edwin Drood. Vitatu zaidi vikatoka baada ya kifo chake, na basi. Mtandaoni, baadhi ya maktaba humpa msomaji tahadhari mapema. Katika Archive of Our Own, idadi ya sura huandikwa kwa tarakimu mbili, kwa mfano 12/20, maana yake sura 12 zimetoka kati ya 20 zilizopangwa. Palipoandikwa 12/? mtunzi mwenyewe hajui, au hataki kusema, safari ni ya urefu gani, na anayeianza aianze akijua hivyo.

Kwa mtunzi aliyekawia, ujumbe mmoja wa staha unatosha, makumi ya jumbe za "sehemu inayofuata iko wapi?" yamewafukuza watunzi wasiopungukiwa na shughuli nyingine. Wala si lazima jina lake lifutwe kwenye orodha. Mlisho wa blogu iliyolala hautumii pesa wala nafasi ya kuhesabika, na mwenyewe akirejea baada ya miaka mitatu, sura yake itajitokeza juu ya orodha asubuhi hiyo hiyo.