Filamu ya nyaraka na wakazi wa Gisenyi wasio na majina

Katikati ya Julai 1994 wapiga picha wa televisheni za Ulaya na Marekani walisimama upande wa Goma, nchini Zaire (Kongo ya leo), na kuelekeza kamera zao kwenye mpaka wa mji wa Gisenyi, Rwanda. Kwa siku chache tu walivuka wakimbizi zaidi ya 800,000 kutoka Rwanda. Tarehe 18 Julai mji ukaingia mikononi mwa RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya wakati huo. Kanda zilizopigwa siku zile zimehifadhiwa hadi leo katika makabati ya vituo vya televisheni: magodoro vichwani, madumu ya maji, watoto waliofungwa migongoni, mbuzi wakivutwa kwa kamba, na kando ya barabara lundo la bunduki na mapanga ambayo askari wa Zaire waliwanyang'anya waliokuwa wakivuka. Baada ya hapo ukaja mlipuko wa kipindupindu katika kambi za wakimbizi, uliosababisha vifo vya watu wanaokadiriwa kufikia 50,000. Huo nao ulipigwa picha kwa wingi.

Miezi mitatu kabla yake, mwezi wa Aprili, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi wa mji uleule walikuwa wakipelekwa makaburini, mahali palipokuja kujulikana kama Commune Rouge, na kuuawa huko. Kamera hazikuwapo.

Mtu akizichukua leo kanda za Julai, akazipanga upya na kutengeneza nazo filamu nzima bila kupiga picha mpya, au akipiga chache tu za kuunganishia, kazi yake inaingia katika aina ya filamu inayojulikana sana duniani. Mrusi Esfir Shub aliifanya mwaka 1927 kwa kutumia picha za zamani, zikiwemo zile ambazo wapiga picha wa mfalme wa Urusi walimpigia mwenyewe, akasimulia jinsi ufalme huo ulivyoanguka. Mwaka 2015 Sergei Loznitsa alitoa filamu iliyotokana na kanda zilizopigwa Leningrad Agosti 1991, wakati wa jaribio la mapinduzi mjini Moscow. Haina msimulizi. Anayetazamwa ni raia wa kawaida: anayesoma karatasi iliyobandikwa ukutani, anayebeba mbao za kuziba njia, anayesimama tu akisubiri habari.

Kwa Kiswahili aina hii haijapata jina moja. Filamu isiyo ya kuigiza tunayo majina yake: watangazaji wengi husema makala au dokumentari, na watu wa sinema husema filamu ya hali halisi. Ugumu uko kwenye neno la kueleza kwamba imetengenezwa kwa kanda za zamani. Wengi hukimbilia "filamu ya kumbukumbu", na kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa pengine jina hilo halina tatizo. Mkazi wa Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, linampeleka kwingine kabisa. Nchini Rwanda, kumbukumbu inamaanisha kwanza Kwibuka, maombolezo ya kitaifa yanayoanza tarehe 7 Aprili kila mwaka, pamoja na makaburi ya pamoja na ushuhuda wa walionusurika. Ukimwambia unaleta filamu ya kumbukumbu, atatarajia kuwasikia manusura wakizungumza.

Tofauti kati ya filamu ya kumbukumbu na filamu ya kanda za zamani inaonekana wazi katika kazi za watu wawili, Eric Kabera, aliyezaliwa Goma, na Mwingereza Nick Hughes. Mwaka 2001 walitoa "100 Days", filamu ya kuigiza: ina waigizaji na hadithi iliyoandikwa. Mwaka 2004 Kabera akatoa "Keepers of Memory", ambamo watu wanaulizwa na wanajibu mbele ya kamera mpya. Hiyo ndiyo filamu ya kumbukumbu kwa maana halisi ya neno. Kisha mwaka 2008 ikaja "Iseta", iliyoongozwa na Juan Reina, na msingi wake ni kipande kifupi cha kanda ya zamani.

Kipande hicho Hughes alikipiga Aprili 1994 akiwa juu ya jengo la shule ya Kifaransa mjini Kigali. Ng'ambo ya bonde kuna barabara ya vumbi. Miili imelala chini, na watu wamepiga magoti katikati yake wakiomba wasiuawe. Wanaume wanapita huku na huku kama watu walio na siku nzima mbele yao. Kisha waliopiga magoti wanauawa. Ni miongoni mwa picha chache mno zinazoonyesha mauaji yenyewe yakitendeka, na zilizunguka duniani kwa miaka bila mtu kujua waliopiga magoti ni akina nani. Kanda hiyo ilipokewa kama kielelezo katika mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha kusikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Katika "Iseta", Hughes na Kabera wanairudisha mtaani Gikondo na kuwaonyesha majirani. Majirani wanawatambua waliouawa, na waliowaua pia.

Hapo ndipo ilipo kazi ya aina hii ya filamu, na ndiyo maana jina linalofaa zaidi ni filamu ya nyaraka. Tanzania ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na katika matumizi ya idara hiyo kumbukumbu ni majalada ya kazi za kila siku, ilhali nyaraka ni kile kilichochaguliwa kihifadhiwe daima. Mtu anaweza kusema kwamba waraka ni karatasi. Ni kweli kwa asili, lakini kanda iliyopokewa mahakamani, ikapewa namba na kufungiwa katika hifadhi, ina hadhi ileile ya karatasi yenye muhuri. Kwa vipande vyenyewe vilivyomo ndani ya filamu, wasomaji wa magazeti wanayo tayari maneno yao: picha za maktaba.

Nyaraka zina mipaka, na filamu ya nyaraka lazima ionyeshe mipaka hiyo. Mmojawapo ni mahali aliposimama mpiga picha. Atakayetengeneza filamu ya Gisenyi kwa kanda za Julai pekee atawaonyesha waliokimbia, wenye hatia na wasio na hatia wakiwa wamechanganyika, na waliouawa Aprili hawatakuwemo. Wapo Wazanzibari wanaoifahamu kasoro hii. Picha za mapinduzi ya mwaka 1964 katika filamu ya Kiitaliano "Africa Addio" zilipigwa kutoka angani, na binadamu waliomo ni vidoa visivyo na sura wala jina.

Kamera isipokuwapo, hubaki karatasi. Felicitas Niyitegeka alihudumu katika kituo cha Saint-Pierre mjini Gisenyi na kuwaficha humo Watutsi, na wengine akawasaidia kuvuka kwenda Zaire. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alitaka kumwokoa peke yake. Felicitas alimjibu kwa barua kwamba hatawaacha watu 43 aliokuwa nao. Aliuawa pamoja nao tarehe 21 Aprili 1994, na Rwanda imemweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena. Barua hiyo fupi inaeleza Aprili ya Gisenyi zaidi kuliko saa nyingi za kanda za mpakani, na filamu yoyote ya nyaraka kuhusu mji huu inapaswa kuanza nayo.

Kwa hiyo familia za Rubavu zenye picha za kabla ya mwaka 1994, za harusi, za ubatizo au za matembezi ufukweni mwa Ziwa Kivu, ziandike nyuma yake majina, mtaa na mwaka, sasa hivi, wakati wazee wanaoweza kuwatambua waliomo wangali hai. Nanyi wahariri wa televisheni, mkirusha picha za maktaba, andikeni chini yake ni za wapi na za tarehe gani.