Geti la Bologonja

Wazee walionifundisha udereva wa wageni hapa Arusha hawakuchoka kusimulia habari za kombi za Nairobi. Zilishuka Masai Mara, zikavuka mpaka kwenye geti la Bologonja na kuingia Serengeti, zikalala Lobo, zikapita Seronera na Ngorongoro, kisha zikarudi Kenya kupitia Namanga. Mgeni alitua Nairobi, akalipia safari Nairobi, akapakiwa kwenye gari la Nairobi. Sisi tulibaki na kiingilio cha hifadhi, malazi ya siku mbili tatu, na kinyago kimoja kama amefurahi.

Na nyumbu ni wa nani? Huzaa huku kusini, Ndutu, mnamo Februari, wakashinda kwetu miezi mingi, wakaenda Mara kiangazi nyasi zikikauka. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, Mara 1,510. Malisho kwetu, risiti kwao! Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, ulifunguliwa 1971 ili wageni watue kwetu moja kwa moja, lakini njia ya Nairobi ilikuwa imeshazoeleka.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inakata roho, Tanzania ikafunga mpaka. Magari na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa ndani zikazuiwa. Wazee wangu walishangilia, halafu wakakaa bila kazi, maana wageni wengi waliendelea kwenda Kenya na kuishia Mara. Lobo, hoteli iliyojengwa miambani kwenye njia ile ile, ikajikuta pembeni ya kila safari. Kinachoniuma ni kwamba mali yenyewe ilikuwa inaongezeka. Mwaka 1958 mtafiti Mjerumani Grzimek na mwanawe, wakihesabu kwa ndege, hawakufikisha nyumbu 100,000. Ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe, ndama wakapona, na geti lilipofungwa nyumbu walikuwa wamepita milioni. Hao waliendelea kuvuka bila kuulizwa pasi.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, wakati wa kugawana mali za Jumuiya. Bologonja haikurudishiwa watalii. Anayetoka Mara anazunguka Isebania na Sirari, au anapanda ndege. Akifika huku anahitaji gari na dereva wa huku. Kampuni za Arusha zimeota kwenye mwanya huo, na mimi ndimo nilimopatia ajira.

Wenzetu wa Kenya wamekuwa wakiomba geti lifunguliwe. Wanasema mzunguko ule unamchosha mgeni, na ni kweli, unamchosha. Mimi siungi mkono. Umenisomeshea watoto.