Uakisi wa mwanga katika upimaji wa pamba

Uakisi wa mwanga ni kiasi cha mwanga kinachorudishwa na uso wa pamba iliyokwisha kuchambuliwa. Mpimaji hukandamiza sampuli juu ya kioo cha mashine, taa huimulika kwa pembe ya digrii 45, na kinasa mwanga husoma kile kinachorudi wima. Hutoka namba mbili: Rd, yaani asilimia ya mwanga uliorudi, na +b, kiwango cha umanjano. Msingi wa upimaji huu uliwekwa karibu na mwaka 1950 na Dorothy Nickerson wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, pamoja na Richard Hunter. Lakini hata huko jicho la mkaguzi liliendelea kuamua daraja rasmi la rangi hadi mwaka 2000. Huo ni ucheleweshaji mkubwa, kwa sababu jicho huchoka, hudanganywa na wingu linalopita dirishani, na huiona pamba ya kawaida kuwa nyeupe pepe ikiwa robota lililotangulia lilikuwa la kijivu. Mashine inayorekebishwa kila mara kwa vigae vya rangi inayojulikana haina udhaifu huo, na muuzaji anaweza kudai namba yake ipimwe upya.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba weupe si uimara. Ni kweli: pamba mbili zenye Rd moja zaweza kutofautiana sana kwa nguvu na urefu, na unene wa nyuzi hupimwa kwa mkondo wa hewa. Hata hivyo, rangi hueleza pamba imepitia nini. Tumba lililopasuka likanyeshewa hushambuliwa na kuvu, pamba ikawa ya kijivu na Rd ikashuka. Ghala lenye joto na unyevu hupandisha +b. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba namba hizo ni wastani: madoa machache ya manjano humezwa na weupe unaoyazunguka, na uzi mweupe wa plastiki uliochomoka kwenye kiroba hauonekani kabisa, mpaka kitambaa kitiwe rangi nao ukatae kuishika. Hapo mashine haisaidii, na kinga bora huanzia shambani. Mkulima, chuma pamba yako katika mfuko wa kitambaa cha pamba, usitumie kiroba cha plastiki.