Juba Teaching: Hospitali ya Mwaka 1927 na Watu Walioishikilia

(Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka polepole.)

Hamjambo wasikilizaji wetu wa Kakuma na Kalobeyei, na ninyi ndugu zetu mlioko kambi za upande wa Uganda. Salamu kwa akina mama walioko kwenye foleni ya maji, na kwa wazee wetu waliotundika redio kwenye mti. Leo siko kambini. Nipo Juba, na mkisikia honi za bodaboda katikati ya maneno yangu, mnivumilie.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja alitupigia simu. Hakutaka tutaje jina wala bloku yake. Ana mimba ya miezi mitano. Mume wake ametangulia Juba kutafuta kazi, na sasa anamwita amfuate. Mama huyo akauliza hivi: "Nikishikwa na uchungu usiku huko Juba, nitapelekwa wapi? Na huyo atakayenipokea, ni nani?"

La kwanza ni rahisi kulijibu. Uchungu ukiwa na matatizo, mji mzima unajua pa kwenda. Ni ile hospitali kubwa ya serikali, yenye vitanda takribani 580, inayopokea wagonjwa wa rufaa kutoka nchi nzima. Wenyewe wanaiita Juba Teaching, maana ni hospitali ya kufundishia madaktari na wauguzi. Lakini lile swali la pili, la nani atakayekupokea, lilinikalia kichwani. Nikaona haliwezi kujibiwa bila kurudi nyuma, karibu miaka mia moja.

Hospitali ilianzishwa mwaka 1927. Wakati huo Sudan ilikuwa chini ya Waingereza na Wamisri, na Juba ilikuwa bado mji mchanga kando ya Bahr el Jebel, mto ambao wengi tunauita Naili. Makao ya mkoa yalikuwa Mongalla, ukifuata maji kuelekea kaskazini. Mwishoni mwa miaka hiyo ya ishirini ndipo ofisi zilipohamishiwa Juba. Kwa hiyo hospitali na mji vimekua pamoja kama watoto wa nyumba moja.

Nani alikuwa anapokea mgonjwa siku hizo? Mwaka 1924 Waingereza walifungua shule ya udaktari, Kitchener, lakini waliifungua Khartoum. Huku kusini elimu iliachiwa wamisionari, na shule zilikuwa chache. Kijana wa kusini aliyetaka kufanya kazi ya kutibu aliweza kuwa dresa, yule wa kuosha vidonda, kufunga bandeji na kugawa dawa. Daktari alikuwa mgeni. Nayasema haya bila kuwadharau madresa, maana kijijini dresa ndiye alikuwa hospitali yenyewe. Lakini mkumbuke jambo hilo, kwa sababu litarudi. Jengo lilikuwa Juba, na mahali pa kumtengeneza daktari palikuwa mbali sana, mwendo wa siku nyingi kwa meli.

Vita vya kwanza vilianza na maasi ya Torit, Agosti 1955, miezi michache kabla ya uhuru wa Sudan. Sitakaa sana hapo. Wazee wetu wanaosikiliza wanajua zaidi yangu, na wapo wanaoukumbuka Julai 1965, usiku ambao askari waliua raia na kuchoma nyumba hapa Juba. Mwaka 1972 yakaja makubaliano ya Addis Ababa, na Juba ikawa makao makuu ya serikali ya kusini yenye mamlaka yake ya ndani.

Miaka iliyofuata ndiyo wazee wengi wa hapa huieleza wakitabasamu. Chuo Kikuu cha Juba kiliundwa mwaka 1975 na kupokea wanafunzi mwaka 1977, na katika vitivo vyake kikawemo cha udaktari. Kwa mara ya kwanza kijana wa kusini aliweza kusomea udaktari nyumbani na kujifunzia kwenye wodi za hospitali ya nyumbani. Neno "Teaching" likapata maana.

Lakini katikati ya matumaini hayo kulitokea jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulizuka Nzara, kwa wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Ukafika Maridi, na hospitali ya Maridi, ambayo nayo ilikuwa ikifundisha wauguzi, ikawa ndiyo njia ya kuusambaza. Mgonjwa aliletwa, muuguzi akamwosha na kumlisha, kisha muuguzi naye akalala. Walikufa wengi waliokuwa wakihudumia, wakiwemo wafanyakazi wa hospitali. Mpaka ugonjwa unazimika mwezi Novemba, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 284, na 151 kati yao walikufa. Juba alihesabiwa mgonjwa mmoja tu. Ugonjwa huo baadaye ulipewa jina Ebola, kwa mto wa upande wa Kongo, ambako mlipuko mwingine ulitokea mwaka uleule.

Ninapowasikia watu kambini wakisema wauguzi ni wakali, wanatufukuza kitandani kwa jamaa zetu, huwa naikumbuka Maridi. Glovu na ndoo ya kunawia mikono mlangoni vina historia yake, na sehemu moja ya historia hiyo iliandikwa hapa kwetu.

(Muziki mfupi.)

Vita vya pili vilianza 1983. Jeshi la serikali lilishika Juba, na SPLA ikaizunguka. Kwa miaka mingi chakula na dawa viliingia mjini kwa ndege, kwa sababu barabara zilikuwa na mabomu ya kutegwa ardhini. Mwaka 1989 chuo kikuu kikahamishiwa Khartoum, na kitivo cha udaktari kikaenda nacho. Hapo ndipo lile jambo la mwaka 1924 liliporudi. Hospitali ilibaki Juba, wanafunzi wakapelekwa kaskazini. Kijana wa Equatoria au wa Bahr el Ghazal aliyetaka kuwa daktari alipaswa tena kwenda Khartoum, na wengi waliokwenda hawakupata njia ya kurudi mji ukiwa umezingirwa.

Mwaka 1992 SPLA ilishambulia Juba mara mbili, mwezi Juni na mwezi Julai, na mapigano yakaingia ndani ya mji. Kuanzia 1993 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianza kuisaidia Juba Teaching kwa dawa, vifaa na wataalamu, na msaada huo uliendelea kwa zaidi ya miaka kumi.

Sasa wasikilizaji wa Kakuma, hapa hadithi inakuja mlangoni kwenu. Msalaba Mwekundu huohuo ulikuwa na hospitali nyingine, Lopiding, pale Lokichokio, kwenye barabara yetu ileile ya kwenda mpakani. Ilifunguliwa 1987 na kukabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 2006, na katika miaka hiyo ililaza wagonjwa karibu 38,000. Majeruhi wa maeneo ya SPLA waliletwa hapo kwa ndege. Aliyepoteza mguu kwa bomu alitengenezewa mguu wa bandia.

Kwa hiyo vita vilikuwa kimoja, lakini hospitali zilikuwa mbili, moja kila upande. Mjomba wangu alilazwa Lopiding. Jirani yetu wa hapa Juba, mzee mmoja mpole anayeuza sigara na kadi za simu, anasema yeye alilazwa Juba Teaching miaka hiyohiyo. Nilipowakutanisha kwa simu walilinganisha makovu kama wazee wanaolinganisha ng'ombe. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kisha wakanyamaza wote wawili, na mimi nikajifanya mtandao umekatika.

Amani ilitiwa saini Januari 2005. Watu walirudi Juba kwa maelfu, na mji ukafura. Hospitali iliyokuwa ya mji uliofungwa ikawa hospitali ya rufaa ya nchi inayozaliwa. Na hapa ndipo hesabu ya akina mama inapouma. Utafiti wa mwaka 2006 ulikadiria kwamba katika kila watoto hai 100,000 waliozaliwa, akina mama 2,054 walikufa kwa sababu ya uzazi. Ukiigeuza hesabu hiyo, ni kama mama mmoja kwa kila uzazi hamsini. Katika bloku moja ya kambi yetu wapo akina mama zaidi ya hamsini waliojifungua. Wahesabuni mnaowajua.

Sababu zenyewe hazikuwa za ajabu. Damu kutoka bila kusimama, mtoto kukaa vibaya, kifafa cha mimba, homa baada ya kujifungua. Mkunga aliyefunzwa anajua la kufanya kwa mengi ya hayo, na lile asiloliweza anajua kulipeleka mbele mapema. Lakini wakunga wenyewe walikuwa wapi? Uhuru ulipopatikana Julai 2011, takwimu zilizotolewa zilitaja wakunga waliosajiliwa wanane tu kwa nchi nzima. Wanane. Walikuwepo wakunga wa jadi, na walikuwepo wauguzi waliojifunza kazi kwa kuifanya, lakini wenye cheti kamili walikuwa hao.

Ndiyo maana mimi huona kwamba siku kubwa kuliko zote katika historia ya hospitali hii haiko 1927. Iko mwaka 2010, pale Chuo cha Uuguzi na Ukunga cha Juba kilipofunguliwa. Wanafunzi wake wa kwanza walihitimu 2013. Watu wakipita mbele ya hospitali huonyesha majengo, hili limejengwa na serikali ya nchi fulani, lile na nchi nyingine. Majengo ni mazuri, sikatai. Lakini wazee wa 1927 walikuwa na majengo pia.

Furaha ya wahitimu hao haikukaa sana. Usiku wa tarehe 15 Desemba 2013, miezi michache tu baadaye, risasi zililia Juba. Wengi wenu mnaonisikiliza mlikimbia kwa sababu ya usiku ule, na sitawaeleza msichohitaji kuelezwa. Juba Teaching ilipokea majeruhi kwa mamia. Lakini ni kweli pia kwamba wapo waliojeruhiwa ambao waliogopa njia ya kwenda hospitali, wakatibiwa ndani ya kambi za Umoja wa Mataifa. Na Februari 2014, kule Malakal, wagonjwa waliuawa ndani ya hospitali, wengine wakiwa vitandani. Julai 2016 mapigano yakarudi Juba, na hospitali ikajaa tena.

Mtu akiogopa mlango wa hospitali, daktari aliyeko ndani hana faida kwake. Hilo nalo ni sehemu ya historia, na nisingekuwa mkweli kama ningelipita kimya. Wapo wasikilizaji wetu ambao mpaka leo hawajauamini tena mlango ule. Sitawaambia wana makosa.

(Sauti ya mlango wa wodi. Watu wakizungumza kwa Kiarabu cha Juba.)

Jumanne nilikwenda. Nje, jamaa za wagonjwa wamekaa kwenye mikeka na chupa za chai. Walinikaribisha chai kabla ya kuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Vijana wenye makoti meupe walipita wakiwa na madaftari kwapani, wakibishana, nadhani kuhusu mtihani. Chuo kikuu kimesharudi Juba, na wanafunzi wa udaktari wako tena kwenye wodi. Mwanafunzi mmoja wa ukunga aliniambia alikulia kambini, akasomea shule ya kambi, Kiswahili chake ni kilekile chetu. Nikamwambia kuhusu mama aliyetupigia simu. Hakunipa hotuba. Alisema tu, "Mwambie asisubiri uchungu. Aje kliniki mapema, na kadi yake ya kule asiitupe."

Mama, basi hilo ndilo jibu lako kama nilivyolipata. Ukiamua kusafiri, na uamuzi ni wako wala si wa redio, chukua kadi ya kliniki na karatasi za vipimo, zifunge kwenye nailoni. Ukifika, nenda kliniki ya karibu na mtaa wenu wiki ileile, uandikishwe. Uliza mapema, kabla ya mwezi wa tisa, kama wanaona sababu ya kukutuma kwenye hospitali kubwa. Fahamu pia kwamba sehemu kubwa ya huduma za afya nchini hulipiwa na wafadhili, na fedha hizo hupanda na kushuka, kwa hiyo uwe na akiba kidogo ya dawa na ya usafiri wa usiku. Mume wako aitafute sasa namba ya dereva anayeaminika, asingoje siku yenyewe.

Na atakayekupokea anaweza kuwa yule binti wa kambini. Anamaliza masomo mwaka ujao, amesema nikusalimie.

(Muziki wa kufunga kipindi.)